Elijah McCoy: Msee Alinyimwa Kazi ya Injinia Akapewa Chepe, Halafu Akafunza Injini Kujipaka Oili

Wewe mwenye ndai, wewe wa nduthi, na wewe ambaye bado unangoja kuomoka ndio ununue yako. Hebu jione umesimama Kirinyaga Road Jumamosi asubuhi, mbele ya duka la spea. Kwa rafu kuna mitungi ya oili imepangwa kama sukari kwa supamaketi: 0W-20, 5W-30, 10W-40, 20W-50. Muuzaji anakuuliza unataka gani. Wewe unaangalia hizo namba kama matokeo ya hesabu za fomu foo, halafu unamwambia akupe tu ile nzuri. Naye anakupatia ile nzito, kwa sababu mtaani tumeshakubaliana kwamba oili nzito ndio ya wanaume.

Tulia kidogo kabla hujatoa doo. Kuna mzee mmoja alikufa 1929 ambaye maisha yake yote yalikuwa ni hiyo shida yako: oili gani, ifike wapi, saa ngapi, na ikiwa na uzito gani. Jina lake ni Elijah McCoy. Story yake ni noma, na ukiimaliza utarudi kwa hiyo duka ukijua unaitisha nini.

Wazazi walihepa, mtoto akazaliwa huru

Elijah alizaliwa 1844 huko Colchester, Ontario, Kanada. Lakini hao hawakuwa watu wa Kanada. Baba yake George na mama yake Mildred walikuwa watumwa Kentucky, Marekani. Waliamua hiyo maisha haiwezekani, wakahepa. Ukishikwa ukihepa enzi hizo, unarudishwa kwa mwenyewe kama ng'ombe aliyepotea, na kipigo juu.

Njia waliyotumia iliitwa reli ya chini kwa chini. Usidanganyike na jina, haikuwa na reli wala behewa. Ilikuwa ni mtandao wa watu, weusi kwa weupe, waliokuwa wakificha watoro kwa keja zao na kuwapitisha usiku mpaka wavuke mpaka waingie Kanada. Kwa hivyo cheki hiyo: wazazi waliokolewa na reli isiyokuwa na chuma, halafu mtoto akaja kujulikana kwa reli yenye chuma.

Baadaye familia ilirudi Marekani, wakatua Ypsilanti, jimbo la Michigan. Kijana alikuwa wale wa kufungua vitu kuona ndani kuna nini, halafu anavirudisha. Wazazi wake waliona hiyo akili. Akiwa na miaka 15 walijipanga wakampeleka ng'ambo ya bahari, mpaka Edinburgh, Uskoti, akajifunze uhandisi wa mitambo.

Fikiria uzito wa hiyo maneno. Watu waliokuwa wakiuzwa kama mali, sasa wanalipia mtoto wao asome uinjinia Ulaya. Na mtoto hakuwaangusha. Alisoma, akafanya kazi chini ya mafundi, akahitimu kuwa injinia.

Karibu nyumbani, chepe ndio hii

Elijah alirudi Michigan miaka ya 1860. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimemaliza utumwa Marekani 1865, na kijana alidhani sasa mambo ni fiti. Ana ujuzi, ana karatasi, na reli zinajengwa kila mahali. Si unajua hiyo hisia ya kutoka chuo ukiwa na sivii safi?

Akaenda kuomba kazi kwa kampuni ya reli ya Michigan Central. Kazi ya injinia kwa mtu mweusi haikuwepo. Walichompa ni kazi ya kuchochea moto na kupaka mafuta. Yaani chepe mkono mmoja, kopo la oili mkono mwingine. Injinia mzima wa Edinburgh anapiga makaa ndani ya moto ili treni ya wenyewe iende.

Kama umewahi kuwa na digrii na bado unabeba mawe kwa mjengo, wewe na Elijah mnaelewana bila kuongea.

Sasa hapa ndipo story inageuka. Hiyo kazi ya chini ilimweka karibu na injini kuliko mdosi yeyote wa ofisi. Na aliona kitu ambacho wengine walikuwa wamezoea mpaka hawakioni tena.

Injini ilikuwa inasimama ndio ipakwe

Injini ya mvuke inafanya hivi: maji yanachemka ndani ya boila, mvuke unaingia kwa silinda kwa nguvu, unasukuma pistoni, pistoni inazungusha magurudumu. Chuma inasugua chuma mara nyingi kwa dakika, na kuna joto la kutisha. Bila kitu cha kutelezesha katikati, hizo chuma zinakulana mpaka zinashikana.

Enzi hizo suluhisho lilikuwa mtu na kopo. Treni inaenda, inasimama, mpakaji anashuka, anazunguka kila kiungo akimwaga mafuta, treni inaondoka tena. Kwa injini nyingine mchochea moto alilazimika kutembea ubavuni mwa treni ikiwa mwendoni, akijishikilia, ili afikie silinda za mbele. Ukiteleza hapo, ndio hiyo umeenda.

Na mafuta yenyewe yalikuwa na stress zake. Kwa silinda walikuwa wanatumia sana mafuta ya mnyama, yale ya kuyeyushwa kutoka kwa ng'ombe au kondoo. Sasa wewe umewahi kuacha sufuria ya mchuzi wa nyama usiku, asubuhi ukapata imeganda juu nyeupe? Hivyo ndivyo. Na Michigan msimu wa baridi si mchezo, kule maziwa yanageuka barafu. Mafuta yakipoa yanaganda, hayapiti. Yakipata joto kali yanakuwa mepesi kama maji, yanapeperushwa na mvuke. Yakiungua ndani yanatoa asidi inayokula chuma.

Hapo ndio kuna somo la kwanza la ile mitungi yako ya Kirinyaga Road. Oili yoyote duniani inakuwa nzito ikiwa baridi na nyepesi ikiwa moto. Hakuna oili yenye uzito mmoja siku nzima. Kwa hivyo swali halijawahi kuwa kama ni nzito. Swali ni itakuwa na uzito gani pale injini inapoihitaji.

1872: mwaka wa furaha na machozi

Elijah alikuwa na karakana yake ndogo nyumbani Ypsilanti. Akitoka kazini amejaa masizi, anaingia hapo anachora na kuchonga chuma. Wazo lake lilikuwa rahisi na la akili: mbona mtu ashuke kupaka injini, na injini yenyewe ina nguvu ya mvuke? Si huo mvuke ufanye hiyo kazi?

Akatengeneza kikombe cha mafuta kinachokaa juu ya silinda. Mvuke ukiingia unasukuma kifimbo ndani yake, valvu inafunguka, mafuta yanadondoka kidogo kidogo mahali yanapohitajika. Treni haisimami. Mtu hapandi ubavuni kuhatarisha maisha. Injini inajipaka yenyewe.

Julai 1872 serikali ya Marekani ilimpa hataza, yaani ile karatasi rasmi inayosema wazo hili ni lako na mtu asikuibie. Ilikuwa ya kwanza kwake. Mwaka huo huo mke wake Ann Elizabeth, waliyeoana 1868, alifariki. Kwa hivyo ukiona mtu kwa picha amesimama na ushindi wake, usidhani huo mwaka ulikuwa sherehe tupu. Mwaka uliofuata alioa tena, Mary Eleanora Delaney, na huyo ndiye waliyezeeka naye. Mary naye hakuwa wa kukaa tu: alikuwa mmoja wa walioanzisha nyumba ya kutunza kina mama weusi waliozeeka mjini Detroit.

Tuwe wakweli pia. Elijah hakuwa wa kwanza duniani kufikiria kifaa cha kutia oili. John Ramsbottom wa Uingereza alikuwa na chake tangu 1860, na kulikuwa na wengine. Kilichomtofautisha Elijah ni kwamba hakuacha. Aliboresha, akaboresha tena, miaka zaidi ya 40. Mwisho wa siku alikuwa na hataza 57, na nyingi kati yake ni za mambo ya oili. Zingine ni za vitu vya nyumbani kama meza ya kupigia pasi na kifaa cha kunyunyizia nyasi maji.

Jina liko wapi kwa mtungi?

Sasa utauliza, huyo msee na hataza 57 si alikuwa sonko? Hapana. Na hii ndio sehemu inauma.

Kuwa na wazo ni kitu kimoja, kuwa na kiwanda ni kingine. Elijah hakuwa na mtaji wa kutengeneza vifaa vyake kwa wingi, kwa hivyo mara nyingi aliuza haki zake kwa wawekezaji au akaziachia waajiri. Wao wakatengeneza, wakauza, wakala doo. Vifaa vyake vingi vilizunguka kwa treni na meli bila jina lake. Wasanii wetu waliouza haki za nyimbo kwa pesa kidogo halafu wakasikia hiyo ngoma kila mathree wanajua hiyo feeling.

Labda umewahi kusikia Wazungu wakisema kitu orijino ni McCoy mwenyewe. Wengi wanasimulia kwamba hiyo ilitoka kwake, eti wanunuzi walikuwa wanakataa feki na kuitisha ya McCoy. Ni story tamu, lakini msemo kama huo, ukiwa na jina MacKay, ulikuwa umeshachapishwa Uskoti 1856, wakati Elijah bado ni mtoto. Kwa hivyo usiende kubishana kwa baze. Hahitaji huo msemo, hataza zake zinatosha.

Alipozeeka ndio aliingia kwa shida ngumu zaidi

Wengi wakifika miaka 70 wanatafuta kiti chini ya mti. Elijah ndio alikuwa anapambana na kazi aliyoiona kubwa kuliko zote.

Karne mpya ilileta treni za mvuke uliopashwa joto mara ya pili. Huo mvuke ulikuwa na nguvu zaidi na ulipunguza matumizi ya makaa na maji. Lakini joto lilikuwa kali kiasi kwamba oili ya kawaida ililegea na kuungua, silinda zikabaki kavu. Kuongeza oili tu hakukusaidia. Ilihitajika kitu kinachobaki kwa chuma hata oili ikizidiwa.

Jibu lake lilikuwa grafaiti, ile nyeusi iliyo ndani ya penseli yako. Ishike kwa vidole usikie inavyoteleza. Grafaiti haiogopi joto kama oili. Shida ni kwamba ukiichanganya na oili inazama chini na kuziba njia. Elijah akabuni kifaa cha kupitisha huo mchanganyiko mpaka kwa silinda bila kuziba. Hataza ilitoka 1915, akiwa na miaka 70 na kitu. Na 1920 hatimaye akaanzisha kampuni yenye jina lake mwenyewe, Elijah McCoy Manufacturing Company, huko Detroit. Kutoka hataza ya kwanza mpaka jina lake kukaa kwa mlango wa kampuni ilichukua miaka 48.

Furaha haikukaa. 1922 yeye na Mary walipata ajali ya gari. Mary hakupona majeraha yake, akafariki. Elijah aliumia vibaya na hakurudi kuwa yule wa zamani. Mwili ukaisha, akili ikaanza kumpotea, na miaka ya mwisho aliishia hospitali ya Eloise, nje ya Detroit, mahali walikopelekwa wagonjwa na maskini. Alifariki Oktoba 1929, akiwa na miaka 85. Mtu ambaye vifaa vyake vilipaka injini bila idadi alikufa bila chapaa za maana.

Heshima ilikuja ikiwa imechelewa. 2001 aliingizwa kwa ukumbi wa wavumbuzi mashuhuri wa Marekani. 2012 ofisi ya hataza ya serikali ilipofunguliwa Detroit, ilipewa jina lake.

Turudi Kirinyaga Road

Sasa tumalize deni lako. Zile namba kwa mtungi zinasema hivi. Chukua 10W-40. Hiyo W inasimamia msimu wa baridi kwa Kizungu. Namba iliyo kabla ya W inakuambia oili itatiririka vipi injini ikiwa baridi: ikiwa ndogo, inafika juu haraka ukiwasha asubuhi. Namba ya mwisho inakuambia oili itabaki na uzito gani injini ikishapata moto, ikipimwa kwa nyuzi 100 za Selsiasi. Ikiwa kubwa, ni nzito zaidi kwa joto. Yaani mtungi unajibu maswali mawili yaliyomsumbua Elijah: baridi itapita, na moto itabaki?

Sasa kuna wale wa kusema ndai ya kisasa iwekewe 20W-50 ndio injini ishike. Injini mpya nyingi za Japani zimetengenezwa na nafasi nyembamba sana kati ya chuma na chuma, na mwenyewe ameandika 0W-20 au 5W-30. Ukiiwekea nzito, asubuhi oili inachelewa kufika juu, na hizo sekunde za kwanza ndizo chuma inasuguana kavu. Pia injini inafanya kazi ngumu kuisukuma, na petroli unalipa wewe.

Kinyume chake pia ni hatari. Injini iliyoandikiwa 40 au 50 ukiipa oili nyepesi sana, kwa jam ya Mombasa Road saa nane mchana ile filamu kati ya beringi inakuwa nyembamba kupita kiasi. Chuma inakutana na chuma, na injini ikinoki hutapigia makanika simu ya kumsalimia tu.

Kama injini yako imezeeka na inakula oili, kupanda daraja moja juu kwa zile zilizoruhusiwa na kitabu cha gari kunaweza kusaidia kidogo. Lakini kuna mauza-uza hapa: wakora wengine wanaweka oili nzito kufunika moshi na kelele siku ya kuuza ndai. Ukienda kununua gari ya mkono wa pili, uliza imewekwa oili gani, na iwashwe ikiwa baridi.

Wewe wa nduthi, sikiza hii vizuri. Pikipiki nyingi zinatumia oili moja kwa injini, klachi na gia. Oili zingine za gari zina dawa ya kupunguza msuguano, na klachi yako inaishi kwa msuguano. Ukiiweka hiyo, klachi inaanza kuteleza ukibeba mtu na gunia la viazi kwa mlima. Tafuta maandishi ya JASO MA kwa mtungi, halafu ndio uangalie uzito ulioandikwa na mtengenezaji. Na wewe dere wa dizeli, angalia ile alama ya API: kwa kawaida herufi S ni za petroli, C ni za dizeli.

Na namba sahihi unaipata wapi? Si kwa muuzaji, na si kwa beste yako wa baze. Iko kwa kitabu cha gari, na mara nyingi imeandikwa hapo juu ya kifuniko cha kumimina oili. Fungua boneti uangalie. Kazi ya dakika moja.

Hata oili ya bei ghali haina maana ikiwa ni kidogo au imechakaa. Toa kijiti, pangusa, rudisha, toa tena, cheki kama iko kati ya alama mbili, gari ikiwa imesimama mahali tambarare. Siku ukifanya hivyo, ukiwa na kitambaa kimejaa oili mkononi, hiyo ndiyo kazi waliyompa Elijah wakidhani wanamshusha.

Haya, sema ukweli: injini yako inakunywa namba gani, na ni nani alikuambia?